Sanaa ya Kompyuta na Tatizo la Kuirithisha

Utangulizi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilikusudiwa hasa watu wa biashara, lakini inawahusu pia wale waliokabidhiwa kazi ya kutunza utamaduni. Katika historia, kila taifa limekuwa na mali ya utamaduni ya namna mbili. Ya kwanza ni ile inayoshikika, kama vile milango ya nakshi, vinyago, vyungu na majengo ya mawe. Ya pili ni ile isiyoshikika, kama vile ngano, nyimbo, ngoma na mashairi. Mali inayoshikika hutunzwa kwa kukingwa na mvua, mchwa na wezi. Mali isiyoshikika hutunzwa kwa kutendwa. Ngoma isiyochezwa hufa, hata kama ngozi yake ingali imetundikwa ukutani.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilizaliwa sanaa ambayo haikuingia sawasawa katika kundi lolote kati ya haya mawili, nayo ni sanaa iliyotungwa kwa kompyuta na vyombo vya umeme vya jamii yake. Ina mwili, maana haionekani bila mitambo, waya na kioo cha kuonyeshea. Lakini kiini chake ni tarakimu na maagizo, vitu ambavyo mkono hauwezi kuvishika. Je, sanaa ya namna hii itarithishwaje? Mlinzi wake atunze mwili au kiini? Insha hii inakusudia kueleza jinsi swali hili lilivyozuka, jinsi lilivyojibiwa katika nchi kadhaa, na mafunzo ambayo walimu na wanafunzi wetu wanaweza kuyapata humo.

Mwanzo wa sanaa yenyewe

Mwezi Februari 1965, katika chuo cha ufundi cha Stuttgart, Ujerumani ya Magharibi, yalifanyika maonyesho madogo ya michoro ya Georg Nees. Nees hakuishika kalamu kwa mkono wake. Aliandika maagizo kwa lugha ya kompyuta, na mashine ikayatekeleza kwa kuisukuma kalamu juu ya karatasi, mstari baada ya mstari. Mwezi Aprili mwaka huo huo A. Michael Noll na Béla Julesz, watafiti wa maabara za Bell, walionyesha picha za namna hiyo mjini New York. Mwezi Novemba Nees alionyesha tena kazi zake Stuttgart, safari hii pamoja na Frieder Nake. Mwaka 1968 Jasia Reichardt aliandaa mjini London maonyesho makubwa yaliyoitwa Cybernetic Serendipity, na mashine za kuchora, kutunga muziki na kuandika mashairi zikawekwa mbele ya macho ya umma. Naye mchoraji Mwingereza Harold Cohen, tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2016, aliendelea kuijenga programu yake iitwayo AARON, ambayo ilichora yenyewe kwa kufuata kanuni alizoifundisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba michoro mingi ya mwanzo ingali ipo, na baadhi ya michoro ya zama hizo imo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Haikusalimika kwa nguvu za kompyuta bali kwa nguvu za karatasi. Mashine iliyochora ilikwisha kutupwa. Wino na karatasi vikabaki. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wasanii waliiacha karatasi wakahamia kwenye kioo cha kompyuta, ambako picha hutembea, hubadilika na hata humjibu mtazamaji. Sanaa ikapata uhai mpya, na papo hapo ikapoteza kinga yake ya zamani.

Vyanzo vitatu vya uharibifu

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikiisha kuingizwa katika kompyuta kimepata umri usio na mwisho. Sivyo. Kazi iliyotunzwa kwa tarakimu hufa kwa njia tatu.

Kwanza, chombo chenyewe huchakaa. Diski na kanda hutunza habari kwa sumaku, na sumaku hiyo hufifia polepole, hasa penye joto, unyevu na vumbi. Pili, mashine ya kusomea chombo hicho hutoweka madukani. Diski inaweza kuwa nzima kabisa, lakini isiwe na pa kuingia. Tatu, lugha iliyotumika kuandika kazi hiyo husahauliwa. Kila faili imepangwa kwa utaratibu fulani, na programu inayoujua utaratibu huo ikiisha kuachwa, faili hugeuka kuwa kama hati ya kaburini isiyo na msomaji.

Tena, kuharibika kwake si kama kuharibika kwa kitabu. Kitabu kilicholiwa na mchwa pembeni bado husomeka katikati. Faili iliyopoteza sehemu ndogo tu huenda isifunguke kabisa. Mtunza kitabu huonywa na macho yake; mtunza diski huweza kukaa na maiti kabatini miaka 20 asijue.

Kitabu cha mwaka 1086 na diski za mwaka 1986

Mfano mashuhuri wa hatari hii si wa sanaa tupu, lakini unafaa kuelezwa kwa sababu unaonyesha jambo lenyewe waziwazi. Mwishoni mwa mwaka 1085 Mfalme William wa Kwanza aliagiza ardhi na mali za Uingereza zihesabiwe. Hesabu hiyo, iliyokusanywa mwaka 1086, iliandikwa kwa wino juu ya ngozi katika kitabu kiitwacho Domesday. Kitabu hicho kingalipo, na anayejua Kilatini na mwandiko wa zama zile aweza kukisoma.

Kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, shirika la utangazaji la BBC liliandaa Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni 1, wengi wao wanafunzi wa shule, walishiriki kwa kuandika habari za vijiji na mitaa yao, wakapiga picha na kuchora ramani. Yote yaliwekwa mwaka 1986 katika diski kubwa za kusomwa kwa mwangaza wa leza. Kuzitumia kulihitaji kompyuta ya aina maalumu na chombo maalumu cha kusomea, tena kwa bei iliyozishinda shule nyingi. Watoto wengi walioandika hawakupata kuyaona waliyoyaandika.

Baada ya miaka kama 15 hivi, vyombo vile vilikuwa vimeanza kuadimika. Ngozi ya mwaka 1086 ilisomeka. Diski za mwaka 1986 zilikaribia kuwa bubu. Mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha kwamba kompyuta mpya inaweza kufundishwa kujifanya ile ya zamani, na habari zikasomeka. Mwaka 2011 BBC iliweka sehemu ya kazi hiyo katika intaneti. Hata hivyo tovuti hiyo nayo ilifungwa mwaka 2018, na nakala yake ikakabidhiwa hifadhi ya nyaraka ya taifa. Hapa pana fundisho: kazi ya kuokoa haimaliziki kwa kuokoa mara moja. Aliyeokolewa jana huhitaji kuokolewa tena kesho.

Michoro ya Warhol iliyolala katika diski

Mfano wa pili ni wa sanaa hasa. Tarehe 23 Julai 1985, mjini New York, kampuni ya Commodore ilizindua kompyuta yake iitwayo Amiga. Msanii Andy Warhol, aliyekuwa mashuhuri sana wakati huo, alipanda jukwaani akachora kwa kompyuta hiyo sura ya mwimbaji Debbie Harry mbele ya wageni. Warhol aliendelea kujaribu michoro kadhaa kwa chombo hicho. Alifariki Februari 1987, na vitu vyake vingi hatimaye vikafikia jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Pittsburgh. Miongoni mwa vitu hivyo zilikuwamo diski ndogo za Amiga.

Diski hizo zilitunzwa vizuri kwa desturi za makumbusho: hazikuibwa, hazikulowa, hazikuvunjwa. Lakini yaliyomo hayakujulikana. Mwaka 2011 msanii Cory Arcangel aliona filamu ya uzinduzi ule, akauliza michoro ilikwenda wapi. Kutokana na swali hilo wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliombwa kusaidia. Walinakili diski kwa tahadhari kubwa, maana kila usomaji ungeweza kuwa wa mwisho. Kisha wakagundua kwamba baadhi ya faili zilipangwa kwa utaratibu ambao programu zilizokuwapo hazikuujua, ikabidi wauchambue wenyewe. Mwaka 2014 jumba hilo lilitangaza kwamba michoro zaidi ya 20 imepatikana, miongoni mwake kopo la supu, sura ya msanii mwenyewe, na Zuhura wa mchoraji Botticelli aliyepewa jicho la tatu.

Msomaji na azingatie ni nani waliofanya kazi hiyo. Hazina ilikuwa katika mikono ya jumba lenye uwezo na heshima, lakini kilichoifungua ni swali la mtu mmoja na maarifa ya vijana waliopenda mashine za zamani. Uhifadhi si fedha na majengo tu, bali pia ni udadisi.

Njia nne za uhifadhi

Kutokana na mikasa ya namna hii, makumbusho yalianza kutafuta kanuni. Katika miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, jumba la Guggenheim la New York lilifanya kazi kubwa ya kuwauliza wasanii walio hai namna wanavyotaka kazi zao zitendewe vifaa vitakapokufa. Katika kazi hiyo zilitajwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kuweka akiba: kutunza mashine yenyewe na vipuri vyake ghalani. Njia hii ni ya kweli kuliko zote, lakini ina mwisho, kwa sababu vipuri huisha. Njia ya pili ni kuhamisha: kuichukua kazi katika chombo kilichochakaa na kuitia katika kipya. Njia ya tatu ni kuigiza: kuifanya mashine mpya ijifanye ya zamani, kama walivyofanya wataalamu wa Leeds na Michigan. Njia ya nne ni kuifasiri upya: kuitenda kazi hiyo tena kwa vyombo vya zama mpya, kwa kufuata nia ya msanii.

Njia hizi zimepewa majina mapya, lakini si ngeni kwetu. Tenzi za pwani ya Afrika Mashariki hazikutufikia katika karatasi zile zile walizoandikia watunzi wake. Zilitufikia kwa kunakiliwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mnakili hodari. Tenzi nyingi alizozinakili kwa hati za Kiarabu zimetunzwa hadi leo katika maktaba za London na Ujerumani. Mnakili hakutunza karatasi, alitunza maneno. Huko ndiko kuhamisha. Na wacheza ngoma, ambao kila kizazi huichezea ngoma ile ile miguu mipya, ndio mabingwa wa njia ya nne. Pia tunaijua hasara yake: mnakili aweza kukosea neno, na mchezaji aweza kusahau maana. Kwa hiyo kila njia hulipiwa. Anayetunza mwili huweza kupoteza uhai, na anayetunza uhai huweza kubadili mwili.

Mnara wa Gwacheon

Mahali ambapo uchaguzi huo ulionekana kwa uzito wake wote ni Gwacheon, karibu na Seoul, katika Jumba la Taifa la Sanaa ya Kisasa la Korea ya Kusini. Nam June Paik, aliyezaliwa Seoul mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza ulimwenguni kuifanya televisheni kuwa chombo cha msanii. Maonyesho yake ya televisheni yalifanyika Wuppertal, Ujerumani ya Magharibi, mwaka 1963. Mwaka 1988, mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Seoul, alilijengea jumba hilo mnara wa televisheni 1,003 zilizopangwa ngazi kwa ngazi mithili ya pagoda, kimo chake mita 18.5. Idadi ile ilikuwa na maana, kwani tarehe 3 ya mwezi wa 10 ndiyo sikukuu ya kuzaliwa kwa taifa la Wakorea. Jina la mnara, kwa Kiswahili, laweza kufasiriwa: kadiri vinavyozidi ndivyo bora.

Televisheni zile zilikuwa za kichogo, yaani zenye neli kubwa ya kioo nyuma yake. Neli huchakaa kwa kutumika. Mwaka 2003 televisheni zote zilibadilishwa. Lakini baadaye viwanda vya dunia viliacha kutengeneza televisheni za namna hiyo, na kila mwaka vioo vingi zaidi vikawa vyeusi. Paik alifariki Januari 2006, kwa hiyo hakuwapo wa kuamua. Mwezi Februari 2018 mnara ulizimwa kwa sababu ya hatari ya hitilafu za umeme na moto.

Ndipo mjadala ulipoanza. Wengine waliona televisheni zote ziondolewe, viwekwe vioo vipya vyembamba vinavyong'aa zaidi na kutumia umeme kidogo. Wengine waliona kwamba kufanya hivyo ni kujenga mnara mwingine na kuuita kwa jina la ule wa kwanza, kwa kuwa mwanga wa neli, uvimbe wa kioo chake na unene wa kasha lake vilikuwa sehemu ya usemi wa msanii. Haikosi walikuwapo pia waliojiuliza kama haingekuwa heshima kuuacha upumzike, uwe kumbukumbu iliyozimwa.

Uamuzi uliotangazwa mwaka 2019 ulikuwa wa kati: umbo la asili litunzwe kadiri inavyowezekana, na vifaa vipya vitumike pale tu ambapo hapana budi. Kazi ilianza mwaka 2020 ikachukua miaka 3. Televisheni 737 zilitengenezwa au kubadilishwa kwa nyingine za kichogo zilizokwisha kutumika, zilizotafutwa huku na huko. Televisheni ndogo 266 za ngazi za juu, ambazo mfano wake haukupatikana tena, ziliwekewa vioo vyembamba ndani ya umbo lile lile la zamani. Filamu 8 zinazoonyeshwa humo zilisafishwa na kuhamishiwa katika tarakimu. Mnara ukawashwa rasmi tarehe 15 Septemba 2022, kwa mpango wa kufanya kazi siku 4 kwa wiki, saa 2 tu kila siku, ili neli zisichoke upesi.

Katika mnara mmoja, basi, njia kadhaa zilikutana: akiba ya vipuri, kuhamisha filamu, na kubadili vioo. Ukweli ni kwamba hakuna aliyepata yote aliyoyataka. Lakini taifa lilikubali hadharani kwamba kazi ile ni yake, likajadiliana juu yake, likaandika lililofanyika, likalipa gharama. Mnara unaowaka saa 2 kwa siku, ukijulikana ni ngapi kati ya vioo vyake ni vya asili na ni vingapi vimebadilishwa, ni urithi wa kweli kuliko mnara unaowaka mchana kutwa kwa udanganyifu.

Je, cha kuvunda kina ubani?

Yuko atakayesema: cha kuvunda hakina ubani. Sanaa iliyotegemea umeme na ife na mashine yake; kila zama zina sanaa yake. Hoja hii haifai kudharauliwa. Ziko kazi ambazo watunzi wake walikusudia zipite kama moshi, na kuzilazimisha zidumu ni kuzivunjia heshima. Aidha, hakuna taifa linaloweza kutunza kila kitu.

Hata hivyo, kuacha kwa kuchagua ni jambo moja, na kupoteza kwa kutojua ni jambo jingine. Tarehe 31 Desemba 2020 programu iitwayo Flash iliacha kuhudumiwa na kampuni yake, na katuni na michezo mingi mno iliyotungwa kwayo ikashindwa kufunguka katika kompyuta za kawaida. Kazi nyingi kati ya hizo hazikuhukumiwa na mtu yeyote kuwa hazina thamani. Zilikosa tu mtu wa kuzihamisha. Ndiyo maana UNESCO, mwezi Oktoba 2003, ilipitisha mkataba wa kimaadili juu ya urithi wa tarakimu, ikayakumbusha mataifa kwamba urithi huo umo hatarini na kwamba haufai kungojewa mpaka uwe mkongwe.

Wajibu wetu

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2014 kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kuonyeshwa katika televisheni ya taifa. Vijana wengi wa Afrika Mashariki huchora, hupiga picha, hutunga muziki na kuunganisha filamu kwa kompyuta na simu. Watakaotaka kuandika historia ya sanaa ya zama hizi watayatafuta hayo. Je, watayakuta?

Shule haina haja ya kungojea jumba la makumbusho. Mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuanza na mambo manne. Kwanza, kila kazi iwe na daftari lake: nani aliitunga, lini, kwa mashine na programu gani. Pili, nakala zisikae mahali pamoja, maana moto mmoja huteketeza kabati zima. Tatu, nakala zifunguliwe na kukaguliwa kila mwaka, na zihamishwe kabla chombo hakijafa; usipoziba ufa utajenga ukuta. Nne, na hili ndilo kubwa, mtunzi aulizwe angali hai: katika kazi yako, ni kipi kisichoweza kubadilishwa? Je, ni rangi, ni sauti, ni ukubwa, ni chombo chenyewe, au ni wazo? Swali hilo halihitaji umeme wala fedha. Wakorea walilazimika kulijibu baada ya msanii wao kufariki, na liliwagharimu miaka.

Kwa kifupi, historia ya miaka hii michache inatufundisha kwamba sanaa ya kompyuta haidumu kwa kufungiwa kabatini. Hudumu kwa kufunguliwa, kunakiliwa, kujadiliwa na kutendwa tena, kama ngoma. Ngozi ya mwaka 1086 ilivumilia kusahauliwa, tarakimu hazivumilii. Kwa hiyo zama hizi, zinazosifiwa kwa mashine zake, zinamhitaji mlinzi binadamu kuliko zama zilizopita, na daftari lake lazima liandikwe leo, wakati mtunzi yupo wa kulisoma na kulisahihisha.